Chainsaw Man ni stori ya deni, mengine yote yanafuata

Wahariri wa jarida mmeuliza Chainsaw Man, hii anime (katuni ya Kijapani), ni vichekesho vyenye damu au ni damu iliyopakwa vichekesho, na mtu aipe alama ngapi kati ya kumi. Alama nitatoa ila mwishoni, manake kabla ya hapo kuna kitu kinanikera, nacho ni hawa wadau wanaosema sizoni ya kwanza haichekeshi. Eti imepooza. Eti dairekta Ryu Nakayama kachukua manga ya Tatsuki Fujimoto, yaani kitabu cha katuni ilikotoka, yenye fujo zake zote akaifanya kama muvi ya watu wazima wanaotembea taratibu na kuvuta sigara. Kelele hizi zilianza Japani kwenyewe tangu 2022 zikafika hadi huku, na tangu ile muvi ya Reze, inayoendeleza stori ya sizoni, itoke Septemba 2025 imekuwa kama sheria, ukikaa na watu wa anime lazima aseme mtu kwamba sizoni ilikuwa mbovu na muvi ndo yenyewe. Sasa mimi nauliza, mlikuwa mnasubiri kucheka wapi? Kichekesho kikubwa kuliko vyote kiko mwanzoni kabisa mwa episodi ya kwanza, na hakina hata kelele.

Dogo anaitwa Denji. Baba yake kafa kamwachia deni la yakuza, magenge ya wahuni wa Japani, na yakuza wamemfuata hadi makaburini akiwa bado mtoto mdogo kabisa. Akikua tunamkuta anaishi kwenye kibanda na Pochita, kashetani kadogo kama kambwa kenye msumeno kichwani, na anajipigia hesabu mwenyewe: kukata miti, yen 60,000 kwa mwezi. Figo aliliuza 1,200,000. Jicho la kulia 300,000. Kende moja, haikufika hata 100,000. Deni lililobaki, 38,040,000. Anayataja kama mtu anayekutajia bei za nyanya sokoni, na hakuna anayekuelekeza hapo ucheke au ulie. Halafu anaua shetani kwa kazi ya yakuza, analipwa, na yule mzee wa yakuza palepale anaanza kukata. Ya deni, ya riba, ya kamisheni, hiki na kile. Mkononi kinabaki kitu ambacho hata wiki hakimalizi. Mmoja wao anamwambia akila sigara atampa yen 100, na dogo anaila.

Hapo ndipo penye kisa changu, mtanivumilia.

Nilikuwa naiangalia nyumbani kwa mama, Mbagala, laptop juu ya stuli, mdogo wangu kakaa chini kwenye mkeka. Mama alikuwa mlangoni na ungo wake anachambua mchele wa vitumbua vya kesho. Mambo ya katuni hana habari nayo, hata jina la kitu tunachoangalia hajawahi kuuliza. Ila siku hiyo alikuwa ametoka kwenye kikao cha kikundi, na vile vikundi mnavijua, akina mama wanadhaminiana, mmoja asipoleta rejesho wote hamtoki pale mpaka hela ipatikane. Mikopo ya kausha damu, sina haja ya kueleza. Alikopa laki tano, zikakatwa za fomu, za bima, akiba ya lazima na sijui ada ya nini tena, iliyomfikia mkononi ilikuwa pungufu kabisa, ila marejesho yanahesabiwa kwa laki tano kamili, kila Alhamisi. Na siku hiyo kikao kilikuwa kimeisha vibaya, walikuwa wameenda kwa jirani yetu mmoja wakatoka na friji. Mama alikuwa hajaongea tangu arudi.

Sasa mdogo wangu subtaito zinamkimbia, Kiingereza anakijua ila zinapita haraka, ndo nikawa namsomea kwa sauti kwa Kiswahili. Nilipofika pale mzee anamkata Denji hela nikawa nasoma tu, hii ya deni, hii riba, hii kamisheni, na mama akasema kutoka mlangoni:

"Na ya fomu je?"

Tukageuka wote wawili. Yeye hata hajainua uso, anachambua mchele.

"Anadaiwa na nani huyo mtoto?"

Nikamwambia ni wahuni wa huko Japani mama, baba yake ndo alikopa.

"Na baba yuko wapi?"

Kafa.

"Si kafa na deni lake?"

Nikamwambia mama, hawa jamaa hawaendi hivyo. Akasema, "Hakuna wanaoenda hivyo, mwanangu," akanyanyuka na ungo wake akaja kukaa ndani.

Nitoke nje kidogo ya kisa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba sheria ya Japani inampa mrithi miezi 3 tangu ajue kwamba urithi umemfikia, anaweza kwenda mahakamani akaukataa, na akishaukataa madeni ya marehemu hayamgusi. Yaani Denji kisheria angeweza kutoka. Lakini ni mtoto ambaye hata shule hajakanyaga, nani wa kumwambia? Na yakuza mwenyewe tangu lini anakopesha kwa sheria? Fujimoto hili haligusi popote, ila ukishalijua, yule mzee kumfuata mtoto kwenye kaburi la baba yake kunabadilika kabisa, kwa sababu anachokula pale ni ujinga wa mtoto, deni ni kisingizio tu. Na hapa kwetu ni vilevile. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, tuna Benki Kuu (BoT) ambayo mwaka 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na bado mtu anapokea meseji saa tano usiku ya kwamba namba zote za kwenye simu yake zitatumiwa picha yake. Kujua haki yako ni kazi nyingine, na anayedaiwa hana muda nayo.

Tuendelee. Ikaja ile sini ya mkate. Denji na Pochita wanagawana slesi moja kavu, halafu Denji anasema watu wa kawaida huwa wanapaka jemu. Hiyo ndo ndoto yake, jamani. Mkate wenye jemu, msichana wa kucheza naye gemu, na kulala amekumbatiwa. Mdogo wangu akacheka, eti shujaa gani huyu anaota jemu, wenzake wanaota kuwa wafalme wa maharamia. Mama hakucheka. Akasema, "Mimi mwaka huu nilikuwa nataka niezeke chumba cha nyuma. Saa hizi nataka Alhamisi ipite tu." Akasema kawaida kabisa, akaendelea na mchele wake.

Halafu yakuza wanamuuza Denji kwa Shetani wa Mazombi, anakatwakatwa vipande na kutupwa jalalani pamoja na Pochita, na Pochita anampa moyo wake kwa sharti moja tu, amwonyeshe hiyo ndoto yake. Dogo anaamka, anavuta kamba ya kifuani, misumeno inatoka kichwani na mikononi, mbele yake kuna genge zima la waliokuwa wanamdai limegeuka mazombi, na anapiga kelele kwamba akiwaua wote si deni litakuwa limeisha!

Mama alicheka hadi akauweka ungo chini. Mama yangu, ambaye tangu arudi kikaoni alikuwa na uso wa msiba, alikuwa anapiga paja na machozi yanamtoka, "Rudisha hapo, hebu rudisha," nikarudisha, akacheka tena kama hajaiona. Damu imejaa skrini nzima na hakuiona hata tone, alichosikia ni ile hesabu tu. Hadi leo akitoka kikaoni na mambo hayakwenda vizuri anasema leo kidogo awe Denji.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia sizoni ya kwanza haichekeshi nashindwa kumwelewa. Na naamini kabisa mama asingecheka vile kama zile dakika za kabla zingekuwa na fujo, na macho ya vikatuni yanayotoka nje kila mtu akiongea. Zilikuwa kimya, mtoto anakatwa hela kimya, anakula sigara kimya, mpaka unasahau kama kuna katuni hapo, ndipo kelele ikaja na ikawa na kazi. Huo ndo uongozaji wa Nakayama wanaousema umepooza. Ile asubuhi ya Aki Hayakawa, mwindaji wa mashetani ambaye Denji anahamia kwake, kwenye episodi ya nne nayo mnaiita kupoteza muda, jamaa anaamka, anaandaa kahawa, anasoma gazeti, hakuna anayeongea. Lakini mkumbuke nani kahamia nyumba hiyo. Ni mtoto aliyetoka kwenye kibanda. Kwake yeye nyumba yenye kahawa na gazeti ni kama kuona miujiza, na lazima ionyeshwe polepole.

Na Makima, yule bosi wa wawindaji wa mashetani, ambaye wengi mnamjadili kwa uzuri tu. Anamkuta Denji katikati ya maiti, anampa machaguo mawili, auawe kama shetani au afugwe kama binadamu, na Denji anachouliza ni asubuhi kutakuwa na chakula gani. Anatajiwa mkate wenye siagi na jemu, saladi, kahawa, anakubali palepale. Watu wanacheka na mimi nacheka, ila angalieni kilichotokea, deni halijafutwa, limehamishwa. Kabadilisha mkopeshaji tu, na huyu mpya anakopesha chakula na kukumbatiwa. Sitasema zaidi kwa ajili ya ambao hawajafika huko.

Sasa nilikuwa nimepanga niandike kwamba wanaoilaumu sizoni ile hawajui kuangalia, basi. Lakini ili nijibu kwa haki nimeirudia jana na leo, na kuanzia pale wanaponaswa hotelini na shetani, episodi ya tano hadi ya saba, kuna mahali hoja yao inasimama. Denji anapambana na Shetani wa Umilele siku tatu mfululizo, anamkata anakunywa damu yake anapona anamkata tena, na anajisifu kwamba kagundua mashine isiyosimama, apewe Tuzo ya Nobel. Kwenye manga pale nilishindwa kuendelea kusoma kwa kucheka. Kwenye anime ni nzuri, inapendeza, nikatabasamu. Power, yule shetani wa kike anayefanya kazi na Denji, ndo kaumia zaidi, kale kaongo kasikooga, kasikovuta maji chooni, kanakojiona mfalme wa dunia, kenyewe kanahitaji kasi na mwanga na wamekaweka kwenye rangi ya mawingu. Na lile shindano la mwisho la Denji na Aki kumpiga mateke sehemu za siri yule adui wa upanga, kama maombolezo ya Himeno, mwenzake Aki aliyekufa, kwangu limepita hivihivi. Nikaona ujanja kabla sijaona kichekesho.

Nadhani sababu ni kwamba MAPPA, studio iliyotengeneza anime hii, waligharamia kazi yote wenyewe, asilimia 100, bila ile kamati ya wawekezaji ya kawaida ya Japani, hivyo hakukuwa na wa kumwambia dairekta hapa punguza, hapa ongeza. Huo uhuru ulitupa nyimbo 12 tofauti za kufungia episodi 12, na kuna usiku wa ajabu kabisa mle ndani, lakini ulituletea na huo ukimya hata mahali usipotakiwa. Muvi alipewa Tatsuya Yoshihara, ambaye kwenye sizoni ndo alikuwa anasimamia mapigano, na ana mkono mwepesi zaidi, yule papa Beam peke yake anachekesha kuliko nusu ya pili ya sizoni. Haya, nimekubali. Ila mama niliyemwonyesha muvi alisinzia katikati, manake mle hakuna anayedaiwa hela.

Kuna na jambo la episodi ya nane, na hili nalileta kwa sababu sioni likizungumzwa. Kwenye kibanda cha rameni anakuja jamaa kukaa meza moja na kina Denji, anatoa picha ya babu yake, na babu ni yule mzee wa yakuza. Anamweleza babu yake kama mtu mwema, mtu aliyependwa na watu. Na ukimwangalia unaona anaamini. Mimi nilishawahi kukaa daladala moja na afisa mikopo anaongea na mwanae kwenye simu kwa upole hadi raha, anamuuliza kama kala. Simsamehi kwa hilo, wala Chainsaw Man haimsamehe yule mzee, lakini imemwonyesha, na imemwonyesha dakika chache tu kabla risasi hazijaanza kurindima. Vichekesho vingapi vya damu vinajisumbua na mjukuu wa adui?

Basi alama. Nilikuja hapa nimejiandaa kutoa tisa. Natoa saba kwa sizoni ya kwanza. Kama unataka kucheka anza na manga, soma sehemu ya kwanza yote, sura 97, ndipo uje kwenye anime ukiwa unajua Power anatakiwa asikike vipi. Nakala zenye sauti ya Kiingereza mimi siziwezi ila kila mtu na masikio yake. Wadogo wa shule ya msingi hapana, na ukiwa na mzazi sebuleni iruke ile busu ya mwisho wa episodi ya saba, nisikilizeni tu. Muvi nane, lakini usiiangalie kabla ya sizoni, utapata mapigano na hutajua kwa nini yule dogo anafurahi hivyo akipewa kahawa na mtu anayemchekea.

Ila episodi ya kwanza ikisimama peke yake ni kumi, na hiyo siishushi. Kama jarida halipokei alama za episodi moja, andikeni saba.