Jibu: watoto 40 Jumamosi ya kwanza, wiki ya tatu wakabaki 6

Dada wa Mbale, Vihiga, umeuliza kwa nini kipindi chako cha kusoma maktabani kilianza na watoto 40 na wiki ya tatu kikabaki na 6, na kama uwanunulie soda na mkate ili warudi. Soda iache kwanza. Nimejitolea miaka saba katika maktaba ya umma hapa Kisumu, na muhula wangu wa kwanza yalinipata hayo hayo.

Niambie: ikifika saa sita, watoto wanaondoka na kitabu mkononi? Wetu hawakuwa nacho. Ili mtoto aazime, mzazi alitakiwa afike mwenyewe, ajaze fomu, alete mdhamini na alipe ada. Sasa mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, Jumamosi asubuhi ndiyo saa yake ya riziki. Aache meza aje kujaza fomu? Mtoto alisikia nusu ya hadithi, kitabu kikarudi rafuni, akaenda zake mikono mitupu. Wiki iliyofuata alikuwa uwanjani akicheza mpira, na sikuweza kumlaumu.

Tulimwendea mkutubi tukamwomba vitabu vya hadithi vilivyochakaa, vile vilivyokuwa vikingoja kuondolewa rafuni. Akatupa 60. Tukavitia katika sanduku, tukafungua daftari: jina la mtoto, shule, darasa, basi. Mkutubi alihofia havitarudi. Muhula ulipoisha vilikosekana 9, na mimi kitabu kilichobaki katika nyumba yenye watoto watatu sikiiti hasara. Wale wazazi wa fomu wakaanza kuja wenyewe baadaye, kwa sababu mtoto alimaliza sanduku akataka vya rafuni.

La pili lilinichukua muda mrefu kuliona. Nilikuwa nawasomesha kama darasani: huyu asome, wengine wafuate kwa kidole, na mimi narekebisha matamshi. Watoto wa mitaa ya Manyatta na Nyalenda nyumbani ni Dholuo (Kijaluo) na Sheng ya vijana wa mjini, Kiswahili wanakijua kama somo lenye alama. Mtoto mmoja, kila aliposema "sule" nikamkatiza, "shule". Mara ya tatu alinyamaza, na hakuinua mkono tena hadi tulipofunga. Bibi mmoja aliyekuwa akimleta mjukuu wake alinivuta kando. "Nyathina," yaani mwanangu, akaniambia, "mimi nililala siwindhe. Pim alisimulia usiku kucha na hakuna aliyetukosoa." Siwindhe ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee, ndiye pim, ambamo wasichana walilala na kurithishwa hadithi, mafumbo na adabu. Maneno yale yalinikaa moyoni.

Tangu hapo nasoma mimi, kwa sauti, nikiinuka na kuketi inavyotaka hadithi. Panapochemka nasimama na kuuliza, "Sasa atafanyaje?" Jibu lolote, kwa lugha yoyote, linapokewa. Naanza na "Paukwa!", nao "Pakawa!" Siku moja, bila kufundishwa na mtu, kitabu cha Kiswahili kilipoisha walipaza sauti pamoja, "Thu tinda!", kama hadithi za Kijaluo zinavyofungwa. Tumeshika huo huo mwisho mpaka leo.

Kuhusu meza za maktaba: zimejaa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na madaftari yao, najua. Usigombane nao. Omba muda wa saa mbili tu, au toka nje chini ya mti.

Ubao wa vitabu vipya nao uangalie. Wetu ulikuwa na orodha iliyopigwa chapa, hakuna aliyeisoma. Sasa mtoto akimaliza kitabu anaandika sentensi moja kwenye kadi, kinahusu nini na nani asikisome usiku, na kadi inabandikwa. Pia fuatilia Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, inayotolewa na Chama cha Wachapishaji cha Kenya kila baada ya miaka miwili. Ina kitengo cha vitabu vya watoto vya Kiswahili. Matokeo kwa kawaida hutangazwa Septemba, wakati wa maonyesho ya vitabu Nairobi. Chukua majina ya washindi, umpelekee mkutubi kama ombi la ununuzi. Ombi lenye jina la kitabu na mchapishaji hujibiwa upesi kuliko "tuleteeni vitabu vya watoto". Watoto nao waonyeshe 896.392, ndipo fasihi ya Kiswahili inapokaa katika mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba. Wetu huikimbilia namba hiyo kama mlango wa kwao.

Fedha je? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo nenda kwenye vikao vya wananchi vya bajeti, na uende mapema, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukifika Agosti utaambiwa usubiri mwaka mzima. Sisi tulienda na lile daftari la kuazima. Diwani alilifungua, akapitisha kidole kwenye majina ya watoto wa wadi yake, akauliza kwa nini wanasoma vitabu visivyo na majalada.

Kwa Jumamosi hii, wale 6 waliobaki wape kila mmoja kitabu cha kwenda nacho nyumbani, hata kama kimechanika.