Maswali ya Wavuvi: Trauti, nzi wa bandia na maji ya kiangazi

Julai nitakuwa Grenoble kwa shemeji. Anataka tupande milimani kuvua truite (trauti, samaki wa mito baridi) kwa mouche, yaani nzi wa bandia aliyefungwa kwenye ndoana. Mimi nimezoea ndoana na minyoo hapa ziwani. Nijitayarishe na nini, na tuamke saa ngapi? (Msomaji wa Himbi, Goma)

Neno kiangazi lisikudanganye. Kwetu Julai ni vumbi na asubuhi za baridi. Kule ndio mwezi wa jua kali, na jua hilo ndilo litakaloamua kama mtapata kitu. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za sentigredi. Yakikaribia 20 huacha kula, akajibanza penye kivuli au chini ya maporomoko. Sababu ni hewa: lita ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, ya nyuzi 20 hubeba 9 tu, na kadiri unavyopanda mlima hupungua zaidi. Wakati huohuo mwili wa samaki uliopata joto unadai oksijeni nyingi kuliko kawaida.

Kwa hiyo kabla ya nzi, nunua kipimajoto. Kitumbukize penye kivuli, ungoje dakika moja. Kikisoma 19 na kuendelea, kunja mshipi. Trauti aliyepigana na ndoana katika maji hayo, hata ukimwachia akaenda zake, anaweza kufa baadaye usipomwona.

Muwe mtoni alfajiri, mvue mpaka kama saa nne asubuhi. Jioni si vibaya, ila maji yanakuwa bado na joto la mchana kutwa. Mito inayoshuka kutoka kwenye barafu ina tabia yake: mchana barafu huyeyuka, maji yakapanda na kugeuka kijivu kama ya kuoshea sufuria, na samaki hamwoni nzi tena. Huko asubuhi ndiyo pekee.

Vifaa. Wewe wa minyoo umezoea risasi ya chambo ivute mshipi. Hapa ni kinyume: uzito uko kwenye mshipi wenyewe, nzi hana uzito wowote, anafuata tu. Ndiyo maana mshipi wa kawaida wa nailoni haufai. Chukua ufito wa mita 2.4, namba 3 au 4 (namba ni ya uzito wa mshipi unaoufaa), na mshipi unaoelea wa namba hiyohiyo. Zikitofautiana hautaruka sawasawa. Mbele yake funga nailoni inayokonda polepole, urefu wa mita 2.7, ncha iwe milimita 0.12 hadi 0.14. Kijito kikiwa na vichaka vingi, punguza mpaka mita 2.

Msibebe visanduku vitano vya nzi kama wauza duka. Kiangazi trauti hula sana wadudu wanaoanguka kutoka majanini: chungu mweusi kwenye ndoana namba 16 (namba ikipanda ndoana ni ndogo), mbawakawa namba 14, panzi namba 10 au 12. Panzi aanguke kwa kishindo kidogo. Wengine watue taratibu. Na kibali cha kuvua, carte de pêche, mkinunue mapema kwenye intaneti. Mito ya trauti ya Ufaransa hufungwa Jumapili ya tatu ya Septemba.

Nilijaribu nzi huko Ufaransa mwaka jana. Trauti wanapanda, wanamtazama nzi, wanageuka. Nilibadilisha nzi mara kumi. (Baba Mapacha, Kadutu, Bukavu)

Nzi hana kosa, Baba Mapacha. Mshipi wako ulilala juu ya mkondo wa kasi huku nzi akiwa kwenye maji ya polepole ng'ambo. Mkondo ukauvuta mshipi, mshipi ukamburuta nzi, akaacha mfereji nyuma yake kama mtumbwi. Mdudu halisi hasafiri hivyo. Sogea karibu, mita 5 au 6, inua ufito juu ili nailoni peke yake iguse maji. Kama huwezi kukaribia, mara tu nzi anapotua tupa tumbo la mshipi (sehemu ya katikati iliyolala majini) upande wa juu wa mto, bila kumgusa nzi.

Tembea ukipanda mto. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, hivyo nyuma yake haoni vizuri. Kivuli chako kikimtangulia, hicho kijito kiache robo saa.

Nailoni ikikatikia kwenye fundo, ulilikaza kavu. Zungusha mara tano, lowesha kwa mate, ndipo ukaze. Msuguano wa nailoni kavu huleta joto linaloidhoofisha.

Kwa nini tusipande trauti kwenye mto Kafubu? (Mfugaji, Lubumbashi)

Kwa sababu ya Oktoba. Juni maji yenu yangemvumilia, lakini joto la kabla ya mvua lingemmaliza, na mayai yake yanataka maji yasiyozidi nyuzi 12 au 13. Kenya trauti waliletwa 1905, na wanaishi kwenye vijito baridi vya Mlima Kenya na Aberdare, si mabondeni. Zaidi ya hayo, trauti ni mlaji wa samaki wadogo. Watu hutaja sambaza, samaki mdogo aliyetolewa ziwa Tanganyika akastawi ziwa Kivu, lakini sambaza alikuta maji ya katikati ya ziwa hayana samaki mwingine anayekula kama yeye. Mto wenu una wenyeji tayari.

Bwawa lako litafaa tilapia. Ila Juni na Julai maji yakipoa hula kidogo: punguza chakula, kisije kikaoza chini.