Muulize Mzee wa Picha: Grupu limenyamaza, na bibi bado anasubiri

SWALI: Assalaam alaykum, Mzee wa Picha. Mwezi wa saba nilikwenda kumtembelea dada yangu Copenhagen. Alikuwa likizoni, akanichukua mie na wanawe mpaka Paris, tukamalizia Hispania, miji ya Granada na Córdoba. Nimerudi na picha zaidi ya elfu mbili kwenye simu. Nikaanza kuzimwaga kwenye grupu la ukoo, lenye watu wa Unguja, Pemba, Muscat na London. Kwanza, zilifika hazitazamiki. Mnara wa Eiffel niliopiga usiku umekuwa madoa ya njano. Pili, mama mdogo akaandika "Mashaallah, wenye nazo watumie," na tokea hapo grupu kimya, hata kidole gumba sipati. Tatu, shemeji kanipigia akitaka nifute zote zenye wanawe. Na bibi yangu yuko Wete, simu yake ya kitochi, na kila nikimpigia ananiuliza hizo picha ataziona lini. Bibi alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Macho yamechoka, lakini msahafu bado anausoma kwa miwani. Nifanyeje?
Msafiri, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu, na karibu nyumbani.

Nianze na mama mdogo, maana naona ndiye aliyekuuma zaidi. Wewe ile "wenye nazo" umeisoma kuwa ni husuda. Mie naisoma kuwa ni bando. Simu nyingi hushusha picha za WhatsApp zenyewe, mwenye simu hana habari. Ukimwaga mia mbili jioni moja umemlia bando lake na kumjazia simu, kisha akifungua anakuta mnara, mnara, mnara, na wewe umesimama mbele ya mnara. Hata mwenye subira angeandika neno. Mpigie, msalimie, mwambie utakwenda kwake Ijumaa mkae mtazame pamoja. Na usende mikono mitupu. Mtu katoka Ulaya!

Kwenye grupu peleka kumi, kumi na mbili, zikizidi sana kumi na tano, na kila moja uiandikie mstari wake. Si "Paris!!!" na nyota za macho. Andika kilichotokea: hapa tumepanga foleni juani, huyu mdogo kavua viatu na kakataa kuvivaa. Na usichague zile ambazo dunia nzima inazo. Mona Lisa, kwa mfano. Picha yenyewe ina sentimita 77 kwa 53, haizidi trei ya kupelekea wageni chai, na bila shaka uliipiga kwa mbali juu ya vichwa vya watu. Mona Lisa mama mdogo anaijua. Asichokijua ni vile vichwa, watu chungu nzima wameinua simu na hakuna hata mmoja anayetazama kwa macho yake. Hiyo ndiyo ya kutuma.

Wajomba wa Muscat na London wakitaka zote, watengenezee albamu ya Google Photos na uwape kiungo. Anayetaka atafungua kwa wakati wake. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, ikichangiwa na barua pepe zako, na tokea Juni 2021 kila picha unayopandisha inahesabiwa. Picha za simu ni kama megabaiti tatu au nne kwa moja, kwa hiyo elfu mbili zitaingia. Video ndizo zitakazokumaliza, kwa hiyo zipunguze kwanza.

Sasa hayo madoa ya njano. Simu yako inapiga picha yenye pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha, kama 4000 kwa upande mrefu. Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaikamua mpaka kwenye 1600 hivi na kutupa vitu vidogo vidogo ili ipite haraka. Sura ya mtu inavumilia. Mnara ule ni chuma kilichosukwa kama wavu, na usiku una maelfu ya taa, kwa hiyo vinavyotupwa ndiyo mnara wenyewe. Kabla ya kutuma bonyeza HD, au bora zaidi, ingia kwenye alama ya kubana karatasi uchague Hati badala ya Picha. Itakwenda nzima kama ilivyopigwa. (Wapo wanaouliza kama ni kweli mnara wa usiku una haki miliki. Kweli, taa zake zina mwenyewe. Mnara wa mchana hauna. Kumpelekea shangazi si tatizo. Ukitaka kuchapa kalenda uuze Darajani, hapo utahitaji ruhusa.)

Lakini kuna jambo wengi hawalijui. Picha iliyotumwa kama Hati inakwenda na mzigo wake wote, ikiwemo saa iliyopigwa na, ikiwa simu yako inarekodi mahali, nukta yenyewe kwenye ramani. Ya mnara haina neno. Iliyopigwa sebuleni kwa dada yako ni anwani ya nyumba yake, na sasa iko kwenye simu za watu ambao hata wewe huwajui wote. Za nyumbani zitume kwa njia ya kawaida, ile inayokamua. Ikikamua inaondoa na ramani.

Hapo ndipo naingia kwa shemeji. Futa. Usibishane naye wala usimuulize sababu, wale ni wanawe. "Futa kwa wote" inafanya kazi kwa siku mbili na nusu hivi baada ya kutuma. Zilizopita hapo, andika kwenye grupu kwa adabu uwaombe wenyewe wazifute. Aliyekwisha kuzihifadhi anazo, huna la kufanya. Na ukiwa kwenye kazi hiyo, pitia tena hizo elfu mbili kwa jicho la stara. Kiangazi cha kule watu wanaogelea katikati ya mji, bandarini Copenhagen, na nguo zao ni za kuogelea. Umempiga mpwa wako na aiskrimu, nyuma yake kuna mambo. Kata ukingo wa picha, bakisha mtoto na aiskrimu. Na zile za jikoni, dada yako kichwa wazi anakaanga sambusa, ni za grupu la wanawake. Wajomba wamo kwenye grupu la ukoo, usisahau.

Haya, tuje kwa bibi, maana huyo ndiye mwenye haki ya kwanza na ndiye uliyemweka mwisho wa barua.

Bibi hataki mnara. Bibi atataka kujua mjukuu wake analala wapi, anakula nini, wanawe wamekonda au wamenenepa, na wanasali wapi. Kwa hiyo anza na kitanda cha watoto, meza ya chakula, mlango wa nyumba na dada yako amesimama mlangoni. Mtie na ile ya jua, kama ulipiga saa tatu usiku kukiwa bado kweupe. Mwezi wa saba jua la Paris linazama karibu na saa nne usiku, na hapa kwetu saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi tumeshaadhiniwa Magharibi. Atakuuliza Isha mlisali saa ngapi. Jibu uwe nalo tayari.

Kisha Granada. Umesema bibi alikuwa mwalimu wa chuo. Kule Alhambra, kwenye majumba ya wafalme wa Kiislamu wa ukoo wa Banu Nasr, kuta zimechongwa maandishi ya Kiarabu kutoka usawa wa kichwa mpaka dari, na maneno yanayorudiwa kila mahali ni "Wa la ghaliba illa Llah". Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nina hakika unayo picha ya ukuta ule kwa karibu, na nina hakika kwenye grupu hakuna aliyeigusa. Hiyo msafishie bibi kubwa kuliko zote. Mkabidhi bila ya kumwambia kitu, avae miwani yake, aisome mwenyewe. Wewe mwenye elfu mbili utakuwa mwanafunzi wake. Ikiwa unazo kadhaa, chagua ile ambayo mwanga umeingia kwa ubavuni, siyo usoni kwa ukuta. Kivuli kidogo ndicho kinachoinua herufi. Ya flashi iache, inalaza kila kitu.

Ya Córdoba nayo mpelekee, ile ya msikiti wa kale wenye nguzo na matao ya mistari myekundu na myeupe. Nguzo zimebaki 856, na msikiti ulianza kujengwa miaka ya 780, zama za mtawala Abd al-Rahman wa kwanza. Ila mwambie mapema kwamba tokea 1236 ni kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Usimwache aifurahie nusu saa ndipo umwambie. Na kama kule Granada mlipanda mtaa wa Albaicín mkaona msikiti mpya unaotazamana na Alhambra, uliofunguliwa 2003, hiyo ifuatishe mara moja. Itampoza.

Namna ya kuzisafisha. Ukifika dukani kijana atakuambia, "Nitumie WhatsApp." Kataa. Hapo ndipo picha za watu wengi zinapokufa. Karatasi ya A4 ikitaka kutoka safi inahitaji pikseli kama 3500 kwa 2500. Simu yako imepiga zaidi ya hizo, na WhatsApp itampa nusu yake. Nenda nazo kwenye flashi ya kompyuta, au mtumie kama Hati. Ile ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 itapita hata kwa picha iliyokamuliwa, lakini kwa macho ya bibi ni ndogo mno. Ya ukuta iwe A4, za watoto zisiwe chini ya 13 kwa 18. Omba karatasi isiyong'aa. Wazee hutazama picha dirishani, na karatasi ya kung'aa inawarudishia mwanga machoni. Zisizidi ishirini.

Ukipanda boti ya Pemba zilaze baina ya vipande viwili vya boksi, ndani ya mfuko wa plastiki, usizikunje bomba. Albamu iwe ya vifuko, si ile ya kurasa za gundi. Nimeona picha za harusi zilizogeuka manjano kwenye gundi zile, na ukitaka kuzibandua zinachanika. Ya ukuta ukiitia fremu, weka ukingo wa karatasi nene baina ya picha na kioo, la sivyo masika moja tu itaganda kwenye kioo na hutaitoa tena. Fremu itundikwe ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Majina na mahali usiandike nyuma ya picha kwa biro, maana alama hutokeza mbele. Andika kwenye kikaratasi ukitie kwenye kifuko pamoja na picha, kwa herufi kubwa. Za Kiarabu kama unaziweza, bibi atakupenda.

SWALI: Mzee, nilikuwa kwa mwanangu Leicester mwezi wa nane. Yeye alipiga kwa simu, mie kwa kamera yangu. Tumeziunganisha kwenye kompyuta, zimepandana: tunakula kabla ya kufika mkahawani. Kamera imeharibika?
Baba Chake, Pemba

JIBU: Kamera yako nzima. Simu ya mwanao inafuata saa ya kule, kamera imebaki na saa ya Chake Chake. Kiangazi Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili. Chagua picha zote za kamera kwa pamoja kwenye programu yako, nenda kwenye kurekebisha muda, rudisha nyuma saa mbili, kisha panga upya. Ukienda tena baada ya mwisho wa Oktoba tofauti itakuwa saa tatu. Nchi kama Ufaransa, Italia na Denmark ni saa moja kiangazi, mbili baridi. Bora zaidi, ukishuka tu ndege irekebishe saa ya kamera kabla hujapiga hata mizigo.

SWALI: Nilipiga kwa kificho dari ya Sistine Chapel huko Vatican, mlinzi hakuniona. Niitie kwenye stetasi?
Kijana wa Kikwajuni

JIBU: Usiitie. Mle imekatazwa kupiga picha, kwa flashi au bila flashi, na uliingia ukilijua hilo. Tena nimeiona hiyo picha uliyoniambatishia: imeinama, imetikisika, na nusu yake ni kidole chako. Kadi za posta za dari ile zinauzwa humo humo makumbusho, zimepigwa kwa utulivu na mtu aliyekuwa na ruhusa. Kama hukununua, muagizie mwenzako anayekwenda.