Sumu ya buibui inaua bakteria: mbona haiko duka la dawa?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Nasomea uuguzi, kwetu ni Lamu. Bibi yangu mtu akijikata humfunika kidonda kwa utando wa buibui. Juzi nimesoma kwamba sumu ya buibui ina peptidi za kuua bakteria, tena za aina nyingi. Je, ni kitu kimoja? Na kama zinaua kweli, mbona hatuzioni dukani?

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Si kitu kimoja. Utando hutoka nyuma ya tumbo. Sumu hutoka kwenye tezi za mbele na kupitia meno. Ya bibi nitayarudia.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Mwaka 1998 sumu ya buibui Lycosa carolinensis wa Marekani ilipatikana na peptidi mbili zilizoitwa likotoksini, moja ya asidi amino 25, nyingine 27. Mwaka 2002 ikaja kupienini ya Cupiennius salei wa Amerika ya Kati, yenye 35. Mwaka 2006 Lachesana tarabaevi wa Asia ya Kati peke yake alitoa latarsini saba. Utaona jambo moja: hawa wote ni wawindaji, hawategi wavu. Jamaa za Lycosa hata huku kwetu wapo. Usiku shika tochi usawa wa jicho, mulika nyasini. Vimeta vinavyokurudishia mwanga ni macho yao. Asiye na wavu wa kushikia windo lazima alilegeze upesi. Inaaminika peptidi hizi hutoboa seli za mdudu ili sumu ya neva ipenye haraka. Kuua bakteria ni uwezo unaofuatana na huo.

Namna zinavyotoboa ndiyo inayonivutia zaidi. Peptidi ina chaji chanya, na ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi, kwa hiyo zinavutana. Ikishagusa, hujisokota kama springi: upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Upande wa mafuta huzama kwenye ngozi ile, zikikusanyika nyingi ngozi inapasuka, na vya ndani vinamwagika. Wingi wa aina nao unatokana na jeni kujinakili: nakala moja ikishika kazi ya zamani, nyingine iko huru kubadilika.

Sasa dukani. Springi hiyo haichagui vizuri. Kupienini na baadhi ya latarsini hupasua pia chembe nyekundu za damu, na dawa inayomwaga damu ya mgonjwa haifai. Wanasayansi hubadilisha asidi amino mojamoja wakitafuta ile itakayogusa bakteria na kuziacha chembe zetu. Tena ukiimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama. Hapa Malindi mgonjwa wa kisukari akiniuliza kwa nini insulini yake haiji kwa vidonge, sababu ni hiyo hiyo: nayo ni peptidi.

Kuhusu bibi, mwambie kwa adabu, maana anafanya kwa mapenzi. Utando wa darini hauna sumu hii, una vumbi na vijidudu. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya kutiririka na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi. Kama ni cha msumari au kina udongo, mpeleke mtu zahanati siku hiyo hiyo aangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda.