Sauti ya laptopu ya baba haipandi haishuki, nifanyeje?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Babangu haoni, anatumia NVDA (ile programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kusikiliza hesabu ya michango ya msikiti. Kuna kijana alimtengezea faili ya sauti iwe nzito kidogo, tangu siku hiyo inasoma mlolongo mmoja, swali na jibu sawasawa tu. Tena KSh500 inataja herufi moja moja, na ng’ombe inaikata katikati. Nimefungua hiyo faili nimeona mstari wa pitch 90 90. Niifute? Binti wa Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Usifute kitu, ugonjwa ushauona mwenyewe. Hiyo sauti ni ya eSpeak, programu ndogo inayoipa NVDA sauti, na kwenye mstari wa pitch nambari ya kwanza ni pale sauti inapoanzia na ya pili ni inavyopanda na kushuka, sasa zikilingana inakuwa kama mtu anasoma amebanwa pua, hata mstari wenye alama ya kuuliza hausikiki kama swali. Kawaida yake ni 82 118. Baba akitaka nzito weka 70 105, lakini usizilinganishe tena.

Faili iko folda ya NVDA, ingia synthDrivers, espeak-ng-data, voices, halafu ile folda inaitwa !v. Windows haitakubali uhifadhi papo hapo, kwa hivyo ikopi kwenye desktop, rekebisha na Notepad (Word hapana, inaharibu), badilisha jina la faili na pia mstari wa name, kisha irudishe kwa ruhusa ya admin. Zima NVDA uwashe, bonyeza Insert na Control na V, kwenye Variant chagua hiyo sauti mpya. Kopi nyingine weka kwenye flashi, maana siku NVDA ikijiapdeti folda hiyo inaandikwa upya na kazi yako inapotea.

Maneno yanayosomwa vibaya hayahusiani na hiyo faili, hayo yana kamusi yake. Bonyeza Insert na N, nenda Preferences, Speech dictionaries, chagua Default, ongeza KSh isomwe shilingi. Hapa wengi hukwama: wanachagua Whole word, na KSh500 imeshikana na nambari kwa hivyo haitambuliki, wewe chagua Anywhere na utie alama kwenye Case sensitive ili herufi kubwa na ndogo zizingatiwe. Na 200/= ifanyie hivyo hivyo, /= isomwe shilingi.

Ng’ombe nayo, tazama vizuri ile alama ya juu, Word huipinda yenyewe na ile iliyopinda kwa kompyuta si sawa na iliyonyooka. Kopi ng’ kutoka hati ya baba uibandike kama neno la kutafutwa, badala yake andika ng' iliyonyooka. Halafu mwite asikilize ng'ambo, ng'oa, Ng'ombeni, zote kabla hujafunga.

Hiyo kamusi inakaa kwenye faili ya default.dic, folda ya speechDicts ndani ya mipangilio ya NVDA, kwa hivyo kama msikitini kuna kompyuta nyingine yenye NVDA ikopi tu uipeleke.