Miaka 43, kazi ipo ila moyo haupo: jibu kutoka Malaba

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi. Una miaka 43, uko ofisi ya uwakala wa forodha, ya kuwaandalia wenye mizigo makaratasi ya ushuru, Busia upande wa Uganda, mshahara unaingia, bosi hana neno nawe, ila kila asubuhi unaamka mzito, na vijana wa juzi wanakupita kwenye kompyuta. Wengi humu jukwaani wamekujibu "acha, fungua duka". Mimi niko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye kazi hiyohiyo tangu enzi za karatasi za kaboni, na nasema usiache kwanza.

Uzito huo una umri wake. Mtu akiwa na miaka ishirini na kitu, anahangaika na swali moja: nitaweza? Anaogopa kuuliza asionekane hajui, anajipima na wale waliomaliza sekondari pamoja, huyu kapata ofisi Kampala, yule kanunua kiwanja. Inachosha, lakini hofu hiyohiyo ndiyo inayomfanya ajifunze haraka. Halafu anaweza. Entri, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, anaijaza bila kufikiri, na hapo swali linageuka: naweza, sasa ya nini? Swali hili hakuna aliyetuandaa nalo, ndiyo maana likija tunadhani tulichagua kazi mbaya.

Kwetu lilikuja kwa kishindo. Ilipoanza Himaya Moja ya Forodha, mpango wa nchi za Afrika Mashariki, mwaka 2014, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unamalizwa kabla lori halijatoka bandari ya Mombasa. Kazi iliyokuwa ikijaza ofisi zetu mpakani ikahama. Wengine wakaifuata Mombasa, wengine wakafunga milango, na watu waliokuwa wakiheshimiwa mjini wakawa wanashinda barazani. Nikawaona kwa macho yangu: walioumia zaidi hawakuwa wenye akiba ndogo, bali wale ambao bila ule muhuri wa ofisi hawakujua wao ni nani. Aliyekuwa mwalimu wa kwaya, au anayefundisha watoto mpira jioni, alisimama upesi. Kwa hiyo kabla ya duka, nakuuliza: nje ya ofisi, nani anakuhitaji?

Sasa hao vijana. Mwanasaikolojia Raymond Cattell aliigawa akili sehemu mbili: ile ya kushika jambo jipya kwa kasi, ambayo huanza kupungua mapema, na ile inayotokana na maarifa yaliyolimbikizwa, ambayo huendelea kukua hata ukiwa mtu mzima. Naliona kila wiki. Juzi kijana wetu alimaliza entri ya kontena la vigae kabla chai yangu haijapoa. Nikaitazama: uzito ghafi, yaani pamoja na vifungashio, na uzito halisi, wa vigae peke yake, vimelingana kilo kwa kilo. Vigae huja ndani ya maboksi, maboksi juu ya mbao. Hizo mbao hazina uzito? Ingepita vile, lori lingeweza kuzuiliwa, na mwenye mzigo ndiye angelipia siku ambazo lori limelala pale. Nikamwita akae kando yangu, tukafungua orodha ya vifungashio mstari kwa mstari mpaka akaona mwenyewe. Mchana ule kazi ilikuwa na ladha ambayo sikuwa nimeionja muda mrefu. Erik Erikson, aliyeandika juu ya hatua za maisha, aliona kwamba mtu wa makamo ama analea wanaokuja nyuma yake ama anadumaa. Nakubaliana naye kabisa. Usishindane na vijana kwa kasi. Wafundishe kuona.

Ila kuna jambo lazima ulipime kwa uaminifu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo kimoyo, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Likasema hali hiyo inahusu kazi, si ugonjwa. Basi chukua likizo yako. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakupa siku 21 kwa mwaka, na mawakala wengi wa mpakani huziacha zikapotea. Lakini kama uzito unakufuata hata nyumbani, hulali, huli, hata watoto hawakufurahishi kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Nenda hospitali ya rufaa Mbale, wana kitengo cha afya ya akili. Na kama fikra za kujidhuru zinakujia, nenda leo.

Kuhusu mtaji: tangu sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi Uganda, irekebishwe mwaka 2022, mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia angalau miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Najua unaihesabu hiyo miaka miwili. Uamuzi wa pesa hiyo usiufanye ukiwa na moyo huu, na usiufanye bila mkeo. Kaa pia na wazee waliostaafu forodha pale kwenye malwa, pombe ya ulezi, Tororo, wasikilize. Utagundua simu kuacha kulia iliwauma kuliko mshahara kukoma, na waliojiandaa kwa hilo mapema ndio wenye uso mkunjufu.

Anza na likizo. Ukiwa huko, angalia uzito unapungua au unabaki palepale, kisha rudi hapa utuambie. Na hilo duka ni la kuuza nini? Hukusema.