Homa Imeshuka, Mbona Nililazwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwaka jana wakati wa masika, nikiwa na ujauzito wa wiki 29, niliugua homa ya kidingapopo. Siku tano za mwanzo homa ilikuwa kali na viungo viliniuma mno, lakini nilitibiwa nikitokea nyumbani na kupimwa damu kila siku. Siku ya sita niliamka mwili umepoa. Majibu ya siku hiyo yalionyesha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka kutoka 164 hadi 91, ila hematokriti ilikuwa asilimia 38, wakati kadi yangu ya kliniki inaonyesha 32. Mama mkwe alifurahi, akasema damu imepanda kwa sababu ya maji ya majani ya mpapai aliyonipa. Cha ajabu, hapo ndipo daktari aliponilaza. Nilijifungua salama, lakini bado najiuliza: kwa nini nilazwe wakati napata nafuu, na je, kuna kipimo cha damu kinachoweza kumwonyesha mjamzito mapema kwamba ugonjwa huu utakuwa mkali?
Mama wa mtoto mmoja, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Daktari aliyekulaza aliisoma karatasi yako vizuri, kwa sababu namba iliyowafurahisha nyumbani ndiyo iliyomtia yeye wasiwasi.

Damu ikiwekwa katika mrija mwembamba wa kioo na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe nyekundu hutuama chini, na maji ya damu, yaani plazima, hubaki juu yakiwa na rangi ya manjano hafifu. Hematokriti ni sehemu ya mrija iliyojaa chembe nyekundu. Sehemu hiyo inaweza kuongezeka kwa njia mbili: ama mwili umetengeneza chembe nyekundu zaidi, kazi inayochukua wiki kadhaa, ama plazima imepungua na chembe zilezile zimebaki zimesongamana. Mtu aliyelala na homa siku tano, asiyekula vizuri, hawezi kuwa ametengeneza damu mpya ya kiasi hicho. Kutapika na kutokunywa vya kutosha huweza kuchangia, lakini katika kidingapopo hofu kubwa ni kwamba kuta za mishipa midogo zimelegea, na plazima inavujia tumboni na kifuani.

Sasa ongeza ujauzito. Mama anapobeba mimba, plazima yake huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hapo, na ndiyo maana damu ya mjamzito huonekana nyepesi. Asilimia 32 uliyokuwa nayo ulipokuwa mzima ilikuwa hali yako ya kawaida kwa wakati huo. Kupanda hadi 38 ni ongezeko la karibu asilimia 19, na madaktari hulichukulia ongezeko la asilimia 20 kuwa ishara nzito ya kuvuja kwa plazima. Hata hivyo, maabara nyingi huchapisha viwango vya mwanamke asiye na mimba, takriban 36 hadi 46, kwa hiyo 38 yako ilitoka kwenye mashine bila alama yoyote ya tahadhari. Mashine haijui kwamba mwenye damu ni mjamzito. Bila kadi yako ya kliniki, hatari hiyo isingeonekana.

Homa nayo huwadanganya wengi. Katika kidingapopo, kipindi cha hatari huanza mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati homa inaposhuka, na hudumu saa 24 hadi 48. Mgonjwa huhisi nafuu, ndugu wanarudi makazini, na ndani ya saa hizo shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Mwili wako kupoa asubuhi ile, chembe sahani zikiwa zimepungua kwa kasi na hematokriti ikipanda, kulitosha kukulaza, hasa kwa kuwa mjamzito anahitaji maji ya mishipa yanayopimwa kwa uangalifu: yakiwa machache anazimia, yakizidi mapafu yake hujaa.

Kuhusu kipimo cha kutabiri mapema, hakuna kimoja ninachoweza kukutajia kwamba kinatosha peke yake. Chembe sahani hushuka kidogo kwa wajawazito wengine walio wazima kabisa. Hushuka pia kwa malaria, ambayo huku pwani ni lazima ipimwe, na hushuka katika dalili kali zinazotangulia kifafa cha mimba, pamoja na vimeng'enya vya ini kupanda, kwa hiyo daktari hupima presha na protini kwenye mkojo kabla ya kulaumu kirusi. Chembe nyeupe, ambazo kidingapopo huzipunguza, huongezeka kwa ujauzito. Mama aliyekuwa na 11,000 akishuka hadi 5,500 ataandikiwa kwamba yuko sawa. Kipimo cha NS1, kinachotafuta protini ya kirusi kwenye damu, huthibitisha kuwa ni kidingapopo katika siku za mwanzo, lakini hakisemi ugonjwa utaelekea wapi. Feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, inachunguzwa kwa sababu hupanda sana kwa wagonjwa mahututi, lakini mimba hula akiba ya chuma na kuishusha, na sehemu kubwa ya tafiti hizo imefanywa Asia na Amerika ya Kusini kwa watoto na watu wasio wajawazito. Hilo linanisikitisha, kwa sababu Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huu mwaka 2014 na 2019, na wajawazito walikuwamo.

Majani ya mpapai hayakupandisha damu yako. Simlaumu mama mkwe, alitaka upone, lakini utomvu wa papai bichi umeonekana katika majaribio ya maabara kukaza misuli ya mji wa mimba wa panya, na mimi simshauri mjamzito yeyote anywe maji hayo. Dawa ya homa ibaki parasetamo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu.

Ukibeba mimba tena na ukashikwa na homa, nenda na kadi ya kliniki, na uombe tarehe ambayo homa ilianza iandikwe kwenye kila karatasi ya maabara, kwa sababu chembe sahani 91 za siku ya sita, homa ikishuka, hazisomwi kama 91 za siku ya kumi, zinapokuwa njiani kupanda. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au ukeni, kulegea kupita kiasi, au mtoto kupunguza kucheza yasisubiri kipimo cha kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.